Uhakiki wa fail_io_timeout, chombo cha kerneli kinachomeza jibu la diski

Diski inayokufa kwa kelele haimsumbui sana mhandisi wa hifadhi. Hurudisha kosa, draiva (programu inayoiendesha diski) hulipokea, RAID, yaani mpango wa kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki, huiondoa diski hiyo kwenye kundi, na asubuhi mtu hutumwa kununua nyingine. Inayosumbua ni diski inayonyamaza: ombi limetumwa, jibu halirudi, kipima muda kinahesabu, na juu yake mfumo wa faili, hifadhidata na karani aliye kaunta wote wamesimama. Sehemu ya draiva inayoshughulikia ukimya wa namna hiyo haitumiki ila kwa nadra, ndiyo maana kasoro zake huweza kukaa miaka mingi bila kugunduliwa.

Chombo ninachokihakiki hapa, fail_io_timeout, kimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, na kina kazi moja tu, nayo ni kuufanya ukimya huo utokee kwa kuagizwa. Nimekitumia katika kundi dogo la wahandisi hapa Nairobi linalotunza seva za SACCO na za biashara za kati, yaani mchanganyiko wa diski za SATA zilizonunuliwa madukani Luthuli Avenue, kadi za SAS (muunganisho wa diski za seva) zilizowahi kutumika kwingine, SSD za NVMe, na mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta zinazoigizwa ndani ya nyingine. Hukumu yangu niitangulize. Kwa anayeandika au kurekebisha draiva ya NVMe, hiki ni chombo bora na hakimgharimu hata shilingi. Kwa anayeendesha RAID ya diski za SATA, ambao ndio wengi wetu, kinaacha bila kupimwa jambo lile lile linalotuumiza zaidi, na ni afadhali mtu ajue hilo kabla ya kukiamini.

Mfumo mzima wa kupandikiza hitilafu uliingia katika kerneli ya Linux toleo la 2.6.20, mwaka 2007, kwa kazi ya Akinobu Mita, na lengo lake la awali lilikuwa kuifanya kerneli ikose RAM au ipate makosa ya diski kwa makusudi. Sehemu ya kuisha kwa muda iliongezwa mwaka 2008 na Jens Axboe, msimamizi wa tabaka la vifaa vya bloku, sehemu ya kerneli inayopeleka maombi ya kusoma na kuandika kwa diski. Tangu hapo haijabadilika sana kwa mtumiaji, na umri huo unaonekana: hakuna skrini ya kubofya, hakuna ripoti nzuri mwishoni, kuna mafaili machache tu ya kuandikiwa namba.

Ubora wake umo katika mahali kinaposimama. Ombi la kusoma au kuandika hushuka kutoka kwa programu, likapita mfumo wa faili, likaingia tabaka la bloku, likafika kwa draiva, kisha likaenda kwenye kifaa chenyewe. Vyombo vingi vinavyodai kuigiza diski polepole husimama juu sana katika njia hiyo. Chukua dm-delay, ambacho kinajulikana zaidi: hulizuia ombi kwa milisekunde ulizoagiza kabla halijashushwa kwa diski ya chini. Hifadhidata itahisi polepole, na kwa kuipima hifadhidata ni chombo kizuri, lakini draiva ya diski haijui lolote, kwa kuwa ombi halijamfikia na kipima muda chake hakijaanza kuhesabu. Nimewahi kusoma ripoti za majaribio zinazosema kuwa draiva fulani ilistahimili kuchelewa kwa dakika nzima, ilhali jaribio lote lilifanywa kwa dm-delay na draiva hiyo haikuguswa hata mara moja.

Kinachofanywa na fail_io_timeout ni kinyume cha hapo. Ombi linaachwa lishuke hadi kwenye kifaa, kifaa kinalitekeleza, jibu linarudi, na wakati draiva inapotaka kutangaza kwamba kazi imekamilika, chombo hiki kinalimeza tangazo. Tabaka la bloku halisikii kitu, kipima muda kinaendelea hadi kuisha, na draiva inaitwa ieleze itafanya nini. Huo ndio msimbo hasa tunaotaka kuupima, na kinauendesha bila kuharibu kifaa na bila mtu kuchomoa nyaya.

Kukipata ni kazi kidogo. Kerneli nyingi za kawaida hutolewa bila CONFIG_FAIL_IO_TIMEOUT, kwa hiyo jambo la kwanza ni kutafuta jina hilo katika faili la usanidi lililomo kwenye /boot, na lisipokuwepo hakuna njia ila kujenga kerneli yako au kutumia kerneli ya majaribio ya Fedora. Utahitaji pia CONFIG_FAULT_INJECTION_DEBUG_FS ili vigezo vyake vionekane chini ya /sys/kernel/debug. Seva iliyowashwa kwa Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwasha mashine) na kufungiwa kerneli yake itakukatalia kuandika humo hata ukiwa root, yaani msimamizi mkuu, na ujumbe wa kukataliwa hausemi sababu waziwazi.

Baada ya hapo, unaandika 1 katika /sys/block/sdb/io-timeout-fail ili kuiruhusu diski hiyo idhurike, kisha unaweka vigezo katika saraka ya fail_io_timeout. Nimependa kwamba ruhusa ni ya diski moja moja, maana huwezi kuiangusha diski yenye mfumo wako kwa bahati mbaya. Vigezo navyo vinahitaji kuelezwa, kwa sababu majina yake yanadanganya kidogo. probability ni asilimia, si sehemu ya elfu. interval huhesabu matukio, na ukitaka kosa litokee kila baada ya matukio fulani ni lazima probability iwe 100, la sivyo hesabu mbili zinapigana. times ndiyo kikomo cha makosa yote, na -1 maana yake bila kikomo. space iliundwa kwa ajili ya kupima RAM, lakini hapa kila jibu huhesabiwa kuwa kitu kimoja, kwa hiyo ukiweka 1000 utaruhusu takriban majibu elfu moja yapite salama kabla vurugu hazijaanza. Hilo lina faida kubwa unapotaka mfumo wa faili uwe tayari umefunguliwa na shughuli ziko katikati.

Kigezo kimoja kinapaswa kuachwa kabisa, nacho ni task-filter. Kwa vyombo vingine vya familia hii kinasaidia kulenga mchakato mmoja tu. Hapa jibu la diski kwa kawaida hufika ndani ya katizo la maunzi (ishara ya kifaa inayokikatiza kichakataji kazi yake), mahali ambapo hakuna mchakato unaohusika, na kwa hiyo ukikiwasha huenda usipate kosa hata moja, ukabaki unajiuliza kama kerneli yako imejengwa vibaya. Upungufu mwingine ni kwamba huwezi kuchagua kumeza majibu ya kuandika tu, au ya sehemu fulani ya diski. Chombo hakitofautishi.

Sasa nije kwenye matokeo, kwa sababu hapo ndipo uhakiki wenyewe ulipo. Nilitarajia draiva zote zitadanganyika kwa namna moja. Haikuwa hivyo, na tofauti hizo zinafundisha kuliko mwongozo wowote nilioupata.

NVMe ndiyo iliyoamini uongo huo kikamilifu. Muda wa kawaida wa ombi katika draiva hii ni sekunde 30. Zikiisha, draiva hukagua kwanza foleni ya majibu, iwapo pengine jibu lilifika na katizo ndilo lililopotea, na hiyo ni tahadhari ya maana ambayo nimeiona ikiokoa mashine halisi. Lakini jibu letu limeshaondolewa kwenye foleni, kwa hiyo haikuti kitu, inatuma amri ya kulikatiza ombi, na inaanza kuhesabu upya. Kifaa hakina ombi la kukatiza kwa sababu kilishalimaliza zamani. Sekunde nyingine 30 zinapita, na safari hii draiva haibembelezi: inakianzisha upya kidhibiti kizima. Katika logi utaona mistari miwili iliyoachana kwa nusu dakika kamili, wa kwanza ukitaja kukatiza, wa pili ukitaja kuanzisha upya, na kati yake maombi mengine yote ya SSD ile yanaendelea kama kawaida. Ni baada ya mstari wa pili ndipo kila ombi lililokuwa njiani linafutwa, linarudishwa kwenye foleni na kutumwa tena. Ukitaka kuona kama draiva yako inarudisha maombi hayo yote bila kupoteza hata moja, hili ndilo jaribio lake, na sijui njia nyingine rahisi zaidi ya kulifanya kwenye kifaa halisi. Ili usisubiri dakika nzima kila mara, punguza namba iliyo katika queue/io_timeout ya diski hiyo, ukikumbuka kwamba humo kipimo ni milisekunde.

Upande wa SAS mambo yalikwenda kwa upole kupita kiasi. Tabaka la SCSI, lugha ya amri inayotumiwa na diski za SAS, nalo hungoja sekunde 30, kisha humwomba draiva akatize ombi. Ngazi zilizo juu ya hapo ni nzito: kuanzisha upya kifaa, kisha lengo (target), kisha njia ya pamoja (bus), kisha kadi nzima, na wakati huo diski zote zilizo kwenye kadi hiyo, hata zile nzima, husimama kungoja. Ngazi hizo ndizo ninazotaka kuziona. Lakini mpt3sas, draiva ya kadi hizo, ikiombwa kukatiza ombi ambalo haina tena kumbukumbu yake, hudhani kwamba limeshakamilika na hujibu kuwa imefaulu. Ombi linatumwa tena, na ngazi nzito hazifikiwi. Kilichonifaa humo ni hesabu ya muda pekee. Diski ya SCSI huruhusiwa kurudia mara 5, kwa hiyo ukiweka probability kuwa 100, ombi moja linaweza kuzunguka kwa dakika 3 kabla programu haijaambiwa kwamba limeshindikana. Kerneli huanza kulalamika juu ya mchakato uliokwama baada ya sekunde 120. Maana yake ni kwamba onyo la kukwama linaweza kukufikia kabla ya kosa lenyewe, na msimamizi aliyezoea kuwasha seva upya kila anapoliona onyo hilo atakuwa ameikatiza safari ya uokoaji ikiwa imebakiza dakika moja.

Kwa SATA ndipo nilipokata tamaa. Draiva za AHCI, zinazoendesha vidhibiti vya SATA, hupitia libata, maktaba ya kerneli ya diski hizo, na libata, inapoitwa kwa sababu ya muda kuisha, huangalia kama bado ina amri hai inayohusiana na ombi lile. Haina, kwa kuwa ilishaimaliza na kuifuta kabla tangazo halijamezwa. Inahitimisha, kwa haki kabisa, kwamba jibu lilifika kwa kuchelewa kidogo, na haiufungi mlango wa diski wala kuanzisha upya kiungo. Kwa maneno mengine, uongo wetu unagunduliwa mlangoni.

Hili si dogo kwa hapa kwetu. Diski nyingi zinazouzwa madukani ni za kompyuta za mezani au za virekodi vya kamera za ulinzi, na diski ya mezani ikikutana na sekta mbovu (kipande kidogo cha diski kisichosomeka) inaweza kujitahidi kuisoma kwa muda unaozidi kabisa sekunde 30 bila kusema neno. Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya RAID hukata tamaa mapema, kwa kawaida baada ya sekunde 7, na kurudisha kosa ambalo RAID inaweza kulirekebisha kutoka kwa diski jirani. Ile ya mezani inanyamaza, muda wa kerneli unaisha, libata inaanzisha upya kiungo, diski bado iko katika kazi yake haijibu, na mwishowe RAID inaitoa diski nzima kwa ajili ya sekta moja. Wakati wa kuijenga upya, diski ya pili yenye sekta mbovu ya aina hiyo hiyo inafanya vivyo hivyo, na data ya mteja imekwenda. Mfuatano huo wote unaanza kwa kuisha kwa muda, na fail_io_timeout hakiwezi kuuigiza hata hatua yake ya pili.

Chanzo cha udhaifu huo ni kile kile kilichonifanya nikisifu: kifaa kimeshamaliza kazi. Katika ajali ya kweli kifaa bado kinalo ombi mikononi. Huenda kikaandika kwenye RAM baada ya draiva kuirudisha nafasi ile kwa matumizi mengine. Huenda kikakataa kukatizwa, au kikajibu baada ya kuanzishwa upya. Kasoro mbaya zaidi za draiva hukaa katika dakika hizo za mvutano, nacho chombo hiki kinampima draiva kama mwalimu anayemfanyia mwanafunzi mtihani wa kuogelea kwenye bwawa lisilo na maji.

Kuna pia draiva zisizo na jibu kabisa. Katika mashine pepe yenye virtio_blk, draiva ya diski pepe, muda ukiisha tabaka la bloku huanza tu kuhesabu upya, kwa kuwa draiva haikuandikiwa la kufanya. Ombi lililomezwa halirudi kamwe, mchakato unabaki umeganda, na hata kuuua haiwezekani. virtio_scsi, ndugu yake wa SCSI, nayo huanza kuhesabu upya bila masharti, kwa imani kwamba mwenyeji wake (mashine halisi inayoibeba) atajibu tu siku moja. Si kasoro, ni uamuzi wa makusudi, lakini ni vizuri mtu aujue kabla ya kufanya jaribio kwenye mashine anayoihitaji mchana huo. Anayekodi seva za wingu aangalie pia usanidi wake: nyaraka za Amazon hushauri kwamba kwa diski zake za EBS muda wa NVMe uwekwe kwenye thamani kubwa kabisa inayokubalika, na ukikiwasha chombo hiki hapo utangoja usichokiona.

Nilikilinganisha na washindani wake wachache. scsi_debug, moduli inayounda diski ya SCSI ndani ya RAM, ndiyo inayokamilisha pengo la SAS. Ukiipa opts=4 pamoja na every_nth, inapuuza amri moja katika kila kundi la amri, na kwa kuwa amri hiyo haikutekelezwa kweli, ukimya wake ni wa kweli zaidi. Tangu kerneli 6.7 unaweza pia kuiamuru ikatae kukatiza, au ikatae kuanzisha upya kifaa, na hapo ndipo ngazi zile nzito zinapopandwa moja baada ya nyingine mbele ya macho yako. Kasoro yake ni kwamba inapima tabaka la SCSI na si draiva ya kadi uliyoinunua. null_blk, diski bandia isiyohifadhi kitu, kwa kigezo chake cha timeout, inafaa kwa wanaogusa tabaka la bloku lenyewe, na mkusanyiko wa majaribio wa blktests tayari unaitumia hivyo. Uwezo wa NVMe wa kupandikiza makosa, ulio katika saraka ya fault_inject ya kila diski, ni mzuri lakini hurudisha makosa ya haraka, si ukimya.

Kwa hifadhi ya mtandao sikuhitaji chochote kati ya hivyo. Kanuni moja ya iptables (kichujio cha pakiti za mtandao) inayotupa pakiti za mlango 3260 kwa iSCSI, au 4420 kwa NVMe juu ya TCP, inaleta ukimya halisi, na kuiondoa kunaleta majibu yaliyochelewa, ambayo ndiyo hali ngumu kuliko zote. Kwa SATA tumerudi kwenye njia ya kizamani: diski kongwe zenye sekta mbovu za kweli, ambazo Nairobi haina uhaba wake, zinaunganishwa kwenye RAID ya majaribio na kusomwa mwanzo hadi mwisho. Amri smartctl -l scterc inakuambia kama diski inakubali kuwekewa kikomo cha muda wa kujitahidi na sekta mbovu. Ikikubali, 70,70 ni sekunde 7 kwa kusoma na 7 kwa kuandika, na kwa diski nyingi mpangilio huo hupotea umeme ukizimika, kwa hiyo uwekwe kwenye hati ya kuwashia mashine. Ikikataa, andika 180 katika device/timeout ya diski hiyo na uwaeleze wateja kwamba kusubiri dakika 3 ni afadhali kuliko kupoteza diski nzima.

Tahadhari moja ya matumizi haikuandikwa mahali nilipotarajia kuikuta. Kurudisha 0 katika io-timeout-fail kunazuia majibu mapya yasimezwe, lakini hakuyarudishi yaliyokwisha kumezwa. Kila moja litangoja kipima muda chake kiishe na draiva ichukue hatua yake, kwa hiyo baada ya kukizima acha dakika kadhaa zipite kabla ya kuutenganisha mfumo wa faili, vinginevyo amri ya umount yenyewe ndiyo itakayokwama. Na uweke verbose kuwa 1 badala ya 2 iliyopo mwanzoni, kwa sababu 2 huchapa mlolongo mzima wa miito ya kerneli kwa kila jibu linalomezwa, na ule mstari mmoja wa draiva unaoutafuta unafukiwa humo.